Mashine Nayo Husema Mhola Kwanza

Siku niliyoletewa habari ya kufiwa na baba, mjumbe alifika nyumbani kwangu Bariadi asubuhi, akaegemeza baiskeli ukutani, tukaanza kuamkiana. Mwangaluka. Mwangaluka. Akauliza hali ya nyumba yangu, nikajibu mhola, yaani salama. Nami nikauliza hali ya huko kwetu, akajibu mhola duhu, salama tu. Nikauliza ng'ombe, mhola. Nikauliza wazee, mhola. Akaletewa maji, akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Ndipo akasema, "Sasa, Masunga, baba yako hatunaye tangu jana jioni."

Ninyi mliokulia mjini mtasema alinidanganya. Hakunidanganya. Kwetu Wasukuma salamu ina nafasi yake na habari ina nafasi yake. Anayetaka habari hukaa, humpa mgeni maji, husubiri. Anayepokea salamu na kuondoka hajasikia kitu.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Nilitunza kompyuta za redio moja hapa mjini mpaka nilipostaafu, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na kusahau desturi hii, ambayo niliijua kabla sijajua kusoma. Kosa lenyewe lilinipotezea sauti ya mke wangu. Ninaliandika kwa ajili yenu mnaoingia kazi hii sasa, mkiwa na vyeti ambavyo mimi sikuwahi kuwa navyo.

Elimu yangu ni darasa la saba. Nilikuwa fundi redio sokoni, nikichomelea nyaya za redio za wakulima. Zamani kila redio niliyoitengeneza ilitoa sauti ya kituo kimoja, kile cha serikali, kwa hiyo kujaribu kama imepona ilikuwa rahisi: ukiwasha, unasikia kile kile. Kisha milango ikafunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, na baadaye wakaruhusiwa kuwa na redio zao. Mfanyabiashara mmoja akafungua kituo Bariadi, akaja sokoni akaniuliza kama naweza kushika mitambo. Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Akasema waliotangulia kuulizwa wote walisema wanajua, na ndiyo maana amefika kwangu.

Mwanzoni tulirekodi kwenye kanda. Baadaye ikaja kompyuta moja kubwa iliyotumika, yenye diski mbili, moja ya programu na nyingine ya sauti. Akaja pia mtu wa kunifundisha, Rehema, binti wa mwenye duka wa Nyalikungu kule Maswa, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu. Kila Alhamisi alishuka kwenye basi na mkoba wake, akanisalimu shikamoo, nami nikaitikia marahaba, mwalimu.

"Mzee Masunga, ukiendelea kuniita mwalimu nitazeeka kabla yako," alikuwa akisema.

"Basi nifundishe haraka, niache."

Alinifundisha vizuri. Jambo la kwanza halikuwa la kompyuta hata kidogo, lilikuwa la pamba. Kituo chetu kilikuwa jirani na kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ukianza, nyuzi zilipita madirishani kama ukungu, zikajaa kwenye feni ya mashine mpaka ikafanana na kiota. Kila Jumamosi nilifungua kifuniko nikasafisha kwa brashi ya rangi. Mnaofanya kazi Dar hamtaelewa, lakini ukihamishiwa huku, nunua brashi kabla ya kununua kitu kingine.

Jambo la pili ndilo lenye hadithi yangu. Alinieleza kwamba diski za aina yetu zina kijitabu cha kumbukumbu ndani yake. Kabla mashine haijahamisha jina la faili au kubadili mahali lilipo, huandika kwanza kwenye kijitabu: nataka kufanya hivi na hivi. Ikimaliza, hujiwekea alama kwamba imemaliza. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena husoma kijitabu, hukamilisha kilichoandikwa chote, na kile ambacho hakikuandikwa mpaka mwisho hukiacha. Kwa hiyo haihitaji kupekua diski nzima. Inachukua sekunde chache, kisha inakuandikia kwa Kiingereza kwamba urejeshaji umekamilika.

Kwa mji ambao umeme ulikatika mara tatu kwa siku, jambo hilo lilikuwa baraka. Nililipenda mno. Ila Rehema alinionya nami sikumsikia sawasawa.

"Kijitabu kinajua kile tu kilichoambiwa," alisema. "Mashine ikiwa na ugonjwa wa ndani, ikakiambia uongo, kijitabu kitaandika uongo huo kwa mwandiko mzuri, na umeme ukirudi kitakurudishia uongo ule ule."

Kwa sababu hiyo alikuwa ameipangia mashine ijikague yenyewe. Ikishajiwekea alama kwamba imeona kasoro ndani, basi ikiwaka isimamishe kila kitu, ipekue diski nzima, ndipo ifungue. Ukaguzi wa namna hiyo ulikuja mara moja mwaka ule wa kwanza, bila kukuta kitu, ukachukua saa nzima na zaidi. Redio ilitakiwa hewani saa kumi na mbili asubuhi, tukafungua saa moja na nusu. Meneja wa kituo alinigombeza mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo nikafungua faili la mipangilio, nikaenda kwenye mstari wa diski ya sauti, nikafuta ile mbili iliyoandikwa hapo, nikaandika sifuri. Sifuri maana yake ni usiikague hii. Sikumwambia Rehema.

Sasa niwaambie kilichokuwa kwenye diski ile. Zilikuwa sauti za watu wa Simiyu: nyimbo za ngoma, wakulima wakieleza mvua, wazee wakisimulia, salamu, na matangazo ya vifo. Matangazo yetu ya vifo hayakusomwa na mtangazaji. Ndugu wa marehemu alikuja mwenyewe akarekodi kwa sauti yake, kwa sababu watu wa vijijini waliamini sauti waliyoifahamu kuliko karatasi.

Ilikuwapo pia sauti ya mke wangu, Kabula. Siku moja aliniletea chakula kazini tukiwa tunajaribu maikrofoni mpya, mtangazaji akamkalisha kwenye kiti, akamwambia amsalimie yeyote anayemtaka. Akamsalimia mama yake aliye Mwamanyili, kwa Kisukuma. Alianza kwa aibu, kisha akazoea, akasema maneno mengi. Kuna jambo alilisema ambalo lilinichekesha mpaka nikatoka nje nisiharibu rekodi. Mwaka uliofuata aliugua, akafariki. Sikuwa nimenakili ile sauti popote. Nilijua iko kwenye mashine ninayoitunza mwenyewe, nikaona hakuna mahali salama zaidi. Mara mojamoja, mchana watu wakienda kula, nilikuwa nafungua faili lile nasikiliza. Sikumwambia mtu. Mama mkwe alikuwa ameniomba nimpelekee aisikie, nami nikawa nasema nitakuja, nitakuja.

Basi, msimu mmoja wa pamba, Jumatatu asubuhi, mtangazaji akaniita. Kompyuta imekataa kurekodi. Nikaenda nikakuta diski ya sauti imejifunga: unaweza kusoma, huwezi kuandika. Umeme haukuwa umekatika. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, kama ningekuwa mtu wa kushtuka.

Mlangoni walikuwa wamekaa watoto wa Mzee Machibya wa Lingeka. Walitoka huko na basi la alfajiri kuja kutangaza msiba wa baba yao, maziko yakiwa kesho yake, na ndugu zao walikuwa wametawanyika mpaka Busega. Mkubwa wao alikuwa ameshika kofia mapajani. Meneja akaniuliza kwa macho.

Nikazima mashine, nikaiwasha. Skrini ikapitisha mistari yake. Ukaja ule mstari ninaoupenda: urejeshaji umekamilika. Mhola. Chini yake ukafuata mstari mwingine uliosema kwamba diski hii imefunguliwa ikiwa na kasoro, inashauriwa ikaguliwe. Niliusoma. Siwezi kuwaambia vijana kwamba sikuuona. Niliusoma, nikawaza yule bwana mwenye kofia, nikajiambia kijitabu kimesema salama. Nikawafungulia chumba, mkubwa wao akarekodi tangazo, likarushwa saa saba mchana na jioni.

Ningeweza kumkalisha mbele ya maikrofoni akatangaza moja kwa moja, bila kurekodi. Ningeweza kutoa kaseti kabatini. Mambo hayo mawili yalinijia nikiwa njiani kwenda nyumbani, si pale nilipoyahitaji.

Siku tatu tukaendelea kurekodi juu ya diski mgonjwa. Jumatano mchana ikajifunga tena, na safari hii nusu ya mafolda yakawa yamepotea. Folda la salamu halikuwapo.

Alhamisi Rehema alifika. Hakukaa. Alifungua mipangilio, akasogeza uso karibu na skrini.

"Nani aliandika sifuri hapa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Baada ya ile siku tuliyochelewa kufungua."

 Kisha akaniambia polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Diski ilipojifunga Jumatatu, alisema, ilikuwa inajilinda. Iliona ndani yake mambo mawili yasiyopatana, orodha ya nafasi zilizo wazi na nafasi zenyewe, haikujua lipi la kweli, ikaona heri isiandike kitu chochote kuliko kuharibu zaidi. Mimi nikaifungua kwa nguvu. Kwa siku tatu ikawa inaweka sauti mpya mahali ambapo orodha ilisema pako wazi, kumbe pana sauti za watu.

Meneja alikuwa ameshaandaa maelezo kwa mwenye redio, kwamba ni umeme. Nikamwomba abadilishe.

"Masunga," akasema, "umeme haufukuzwi kazi. Wewe unafukuzwa."

Nikamwambia naelewa, lakini akiandika umeme, mwenye redio atanunua jenereta kubwa zaidi na ugonjwa utabaki ndani ya mashine. Akaandika jina langu. Sikufukuzwa. Niliagizwa nirudishe kila kinachorudishika, na nisishike kitu bila Rehema.

Sasa sikilizeni namna alivyofanya, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapoua mgonjwa. Hakuanza kutengeneza. Alitafuta diski nyingine kubwa kuliko ile, akanakili ya zamani yote ilivyo, nzima na mbovu, mpaka nafasi zilizosemekana ziko wazi. Ilichukua kutwa. Ya asili akaifunga kwenye mfuko, akaandika juu yake ISIGUSWE. Kazi yote ikafanyika kwenye nakala.

Kisha akaendesha programu ya ukaguzi kwa namna ya kuangalia tu. Programu ile huuliza maswali: nimekuta hiki hakina mwenyewe, nikirekebishe? Nimekuta hiki kinadaiwa na mafaili mawili, nikigawe? Akaipa amri kila swali lijibiwe hapana, ili tuone kwanza orodha ya magonjwa. Mimi nilikuwa nimelelewa kwamba mtu akikuuliza kwa adabu unamjibu ndiyo, na ningekuwa peke yangu ningejibu ndiyo mpaka mwisho. Orodha ilipokuwa ndefu kuliko tulivyotegemea, akazima kila kitu, akatafuta kwanza chanzo. Akapima vijiti vya memori, ambamo mashine hushika kazi ya wakati huo, siku nzima, kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kinasahau, kimepikwa na joto. Nilisafisha feni kila Jumamosi kama nilivyoelezwa, lakini nyuma ya memori sikuwahi kupitisha brashi. Shikeni hili: mafaili yakivurugika na umeme haukukatika, shuku memori, shuku nyaya, ndipo uishuku diski. Na usitengeneze kitu kwa mashine ambayo bado inaumwa.

Alipotoa kile kijiti ndipo tukaendesha ukaguzi wa kweli. Faili lililopoteza jina halitupwi. Programu huliweka kwenye folda moja la vilivyopotea vikaokotwa, na kwa kuwa haijui linaitwaje, hulipa namba. Tulikuta mamia, namba tupu. Rehema akarudi Maswa, akaniachia kazi ya kuyasikiliza moja moja na kuyarudishia majina.

Ilinichukua miezi. Nilisikiliza asubuhi mpaka mchana, kalamu mkononi. Mengine niliyatambua mara moja. Mengine nilitia kwenye kaseti nikabeba redio ndogo, nikaenda nayo mnadani, kwenye vilabu, makanisani baada ya ibada, nikawauliza watu sauti hii ni ya nani. Mama mmoja alimsikiliza mzee anayesimulia jinsi alivyomfukuza simba kwa fimbo. Akasema hapo hapo, "Huyo shemeji yangu. Anakohoa kila anapotaka kudanganya." Nikarudisha nyuma tukasikiliza. Kweli, simba hakutokea ila baada ya kikohozi.

Pale ambapo sauti ilikatika, niliandika imekatika. Watu waliniomba nijazie. Kikundi kimoja cha ngoma kilitaka waje warekodi upya ubeti uliopotea tuupachike katikati. Nilikataa, nikawaambia waje warekodi wimbo mzima kuwa faili jipya, na la zamani libaki lilivyo. Fundi anayejazia kilichopotea huwaachia wanaomfuata kitu ambacho hawawezi kujua kipi ni cha kweli. Mashine ilishanifanyia hivyo mara moja, ilipoweka sauti mpya juu ya sauti za watu, nayo haikujua. Mimi ningefanya nikijua.

Kila namba niliyofungua, nilikuwa natafuta moja tu. Ninyi mmekwisha kuielewa.

Nikaikuta siku ya Alhamisi, Rehema akiwa amekuja, ameketi upande wa pili anasaga meno kwa printa iliyokataa kuchapa. Nikasikia kiti kikisogea, kisha sauti ya Kabula, ile ya aibu, ikimwita mama yake mayu. Mwangaluka, mayu. Mhola? Sisi huku mhola. Watoto mhola duhu. Baba yao mhola duhu, yuko hapa ananiangalia.

Halafu, bila hata kupumua, sauti ya mwanaume: "...wa Lingeka. Baba yetu hatunaye. Ndugu zetu mlioko Mwamanyili na kwingineko, maziko ni kesho..." Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa faili.

Rehema alikuwa ameacha printa. Alijua ilivyotokea kabla sijamuuliza. Zile nafasi ambazo orodha ilisema ziko wazi zilikuwa za faili hili, na tangazo nililolilazimisha Jumatatu lilikaa humo. Ukaguzi ulipokuta mafaili mawili yanadai sehemu moja, ulilipa kila moja nakala yake. Lakini kilichobaki pale kilikuwa kimoja tu, lile tangazo.

"Kwenye ile ya asili, iliyo kwenye mfuko?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyo hata huko, baba." Hakuwahi kuniita hivyo. "Nikate hapo anapoanza yule bwana? Ibaki salamu yake peke yake."

Nikafikiri. Nikamwambia aache. Nililipa jina mwenyewe, nikaandika: Kabula, salamu kwa mama, haikukamilika. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kile alichosema kilichonichekesha. Nakumbuka nilicheka. Nakumbuka nilitoka nje. Neno lenyewe silipati, na sitawaandikia la kubuni.

Nikabadili sifuri kuwa mbili. Tangu siku ile redio yetu ilichelewa kufungua mara kadhaa, na kila mara meneja alinigombeza, nami nilimsikiliza mpaka akamaliza. Mashine ikisema mhola, niliivutia kiti, nikasubiri mstari unaofuata.

Jumapili iliyofuata nilipanda basi kwenda Mwamanyili na redio ndogo. Safari hii sikusema nitakuja. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele uani. Tukasalimiana salamu zote, nikapewa maji, nikanywa. Kisha nikamweleza kila kitu kabla ya kubonyeza, sifuri, Jumatatu, na yule bwana wa Lingeka, ili asije akashtuka. Akasema washa.

Kabula aliposema mwangaluka, mayu, mama akaitikia kwa sauti, mwangaluka. Aliitikia kila salamu, akiacha nafasi, kama wanavyofanya. Ilipofika ile sauti ya mwanaume, nikanyoosha mkono kuzima. Akanishika kiganja. Akasikiliza tangazo lote, kichwa kimeinama, mpaka kaseti ikabaki inavuma tu.

"Mtoto ana uchungu huyo," akasema. "Baba yake walimzika vizuri?"

Nikamwambia sijui. Tangu siku ile nilipomfungulia chumba cha kurekodia, sikuwahi kumuuliza.

 Mama alirudi kwenye ungo wake. Kesho yake asubuhi, badala ya kurudi kazini, nilipanda basi la kwenda Lingeka.